Alaska kwa meli ndogo: namna ya kuwafikia nyangumi na dubu

Pwani ya kusini-mashariki ya Alaska haina barabara ya kuipita. Juneau, mji mkuu wa jimbo hilo la Marekani, haujaunganishwa kwa lami na mji mwingine wowote. Anayefika hufika kwa ndege au kwa chombo. Kati ya milima na bahari kuu kuna visiwa zaidi ya 1,000, na katika njia za maji zinazokatiza baina ya visiwa hivyo ndimo wanamoishi nyangumi, sili, simba-bahari na pomboo. Kila kiangazi meli kubwa zenye abiria 3,000 hata 4,000 hupita humo, zikitia nanga mji mmoja asubuhi na kung'oa jioni kuwahi mji wa pili. Abiria wake hurudi nyumbani na picha nzuri za milima.

Anayetaka wanyama atafute meli ya abiria 12 hadi 100, na aelewe anacholipia. Fedha yake inanunua uhuru wa nahodha: kupunguza mwendo pale nyangumi wanapokula, kukaa nao saa mbili, na kuiacha ratiba ingoje. Mengine yote, chumba, chakula, hata ukubwa wa dirisha, ni ya baadaye.

Kwa hiyo kabla ya kusoma bei, soma ratiba. Ukikuta imepangwa bandari kwa bandari, kila siku mji mwingine na saa ya kuondoka imeshaandikwa, hiyo ni meli kubwa iliyopunguzwa ukubwa tu. Ratiba inayofaa ina majina ya maji: Frederick Sound, Chatham Strait, Icy Strait, Endicott Arm, Glacier Bay. Na kwa siku mbili tatu hivi inasema wazi kwamba njia itaamuliwa na hali ya hewa na mahali wanyama walipo. Wapo wasafiri wanaokasirishwa na mstari huo kwa kuona kwamba kampuni haijajipanga. Mimi ningeutafuta kwanza.

Kabla ya kulipa amana

Tuanze na viza, maana ndiyo inayowaangusha watu wetu wengi. Ipo sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayozuia meli za bendera ya kigeni kubeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine. Karibu meli zote kubwa zina bendera za nchi nyingine, ndiyo maana safari zao za Alaska huanzia Vancouver au, zikianzia Seattle, hupitia Victoria. Vancouver na Victoria zote ziko Canada. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda atahitaji viza ya Canada juu ya ile ya Marekani, na hiyo ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Meli ndogo nyingi zina bendera ya Marekani, na safari kama ya Juneau hadi Ketchikan, Juneau hadi Sitka, au Juneau na kurudi Juneau hazitoki ndani ya nchi. Viza moja inatosha. Kwa kuwa masharti ya viza za Marekani yamekuwa yakibadilika haraka, hasa kwa raia wa nchi za Afrika, pata viza kwanza ndipo ulipe amana isiyorudishwa.

Halafu iulize kampuni maswali, kwa maandishi, na yajibiwe kwa maandishi. Meli ina boti ngapi za mpira za kushushia watu, na abiria wote wanaweza kutoka kwa wakati mmoja? Meli yenye watu 80 na boti chache itakuweka nusu ya siku kwenye zamu. Waongozaji wangapi wamesomea viumbe na wameshakaa pwani hii misimu kadhaa? Kibali cha Glacier Bay kimeshapatikana? Hifadhi hiyo huruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku, na vyombo vidogo navyo vina idadi yake, kwa hiyo jibu la "tutajaribu" halitoshi. Kama wanakuahidi dubu wa Pack Creek katika kisiwa cha Admiralty, waulize vibali vya tarehe zenu viko mkononi mwa nani, kwa sababu katika msimu wa samaki, kuanzia 5 Julai hadi 25 Agosti, wanaoruhusiwa kushuka pale ni watu 24 tu kwa siku.

Waulize pia kuhusu Tracy Arm, hori refu la kusini ya Juneau ambalo vipeperushi vya zamani vinalisifu sana. Agosti 2025 ubavu wa mlima uliporomoka karibu na mto wa barafu wa South Sawyer, ukaingia majini na kuinua wimbi lililokwangua misitu kwenye kuta za hori. Hori jirani la Endicott Arm lina mto wake wa barafu, Dawes, na kampuni makini itakuambia inakwenda wapi na kwa nini. Isiyotaka kulizungumza jambo hilo iache.

Meli hizi kwa kawaida hazina daktari, na hospitali inaweza kuwa mbali kwa saa nyingi. Bima yako itamke kwamba inalipia kuokolewa kwa ndege kutoka mahali pasipo na barabara. Mwenye presha au kisukari abebe dawa za siku zote za safari na za wiki moja ya ziada, tena kwenye mkoba wa mkononi.

Bei si ndogo. Kwa wiki moja, tegemea kuanzia kama dola 5,000 kwa mtu, na nyingi zinapita hapo. Juu yake kuna bahashishi ya mabaharia, ambayo kwa desturi ya Marekani haikwepeki. Kama fedha hiyo haipo, usiiache pwani hii. Jimbo la Alaska lina feri zake, zilizoanza kazi mwaka 1963, zinazopita njia zilezile kati ya visiwa zikibeba wenyeji, magari na mizigo. Moja hutoka Bellingham, jimbo la Washington, ikafika Ketchikan baada ya siku moja na nusu hivi bila kugusa Canada. Asiye na chumba hulala kwenye viti, au kwenye sehemu ya sitaha iliyoezekwa na kuwekewa vipasha-joto, au hufunga hema dogo kwenye sitaha kwa utepe wa gundi. Feri haitasimama kwa ajili ya nyangumi, lakini ukishuka Juneau unaweza kuchukua boti ya siku moja ya kuwatazama, na kutoka Juneau kuna safari fupi ya ndege hadi Gustavus, ambako boti ya siku moja huingia Glacier Bay. Kwa ndugu zetu walioko Seattle, Portland au Minneapolis, hii ni safari ya familia inayowezekana.

Mwezi gani

Mei na Juni mvua ni chache kuliko miezi mingine ya msimu, milima bado ina theluji na bei mara nyingi ni nafuu. Dubu wametoka kulala na wanakula majani mabichi ufukweni, kwa hiyo wanaonekana mchana kweupe, ila wametawanyika. Mwishoni mwa Mei na mwezi Juni sili huzalia juu ya vipande vya barafu katika mahori. Nyangumi wanazidi kuwasili.

Julai hadi katikati ya Agosti ndio wakati wa samaki. Samoni hupanda mito kwenda kutaga, dubu huwafuata, na sehemu moja ya kijito inaweza kuwa na dubu kadhaa kwa mpigo. Nyangumi wamejaa Frederick Sound na Icy Strait. Huo ndio pia wakati wa watu wengi na bei kubwa. Kama lengo lako ni dubu na samaki, lipa bei hiyo. Kama ni barafu, sili na ukimya, nenda mwishoni mwa Mei.

Septemba ni mvua na upepo. Nenda kama huogopi kulowa.

Kuhusu kulowa kwenyewe: huu ni msitu wa mvua, ingawa uko kaskazini ya mbali. Msitu wa Taifa wa Tongass, unaofunika sehemu kubwa ya pwani hii, ndio mkubwa kuliko misitu yote ya taifa ya Marekani, na unalishwa na mawingu yanayogonga milima. Joto la mchana katika kiangazi huwa kati ya nyuzi 10 na 18, kwenye boti karibu na barafu likashuka sana. Vaa sufi au nguo za kitambaa cha plastiki karibu na mwili, sweta nzito juu, kisha koti na suruali visivyopitisha maji hata tone. Pamba ikilowa haikauki melini na itakutia baridi siku nzima. Usinunue vitu hivi dukani kwa bei ya watalii: katika soko la Gikomba kule Nairobi, au la Memorial kule Moshi, vipo, vizuri, tena vya baridi kali. Mabuti marefu ya mpira kampuni nyingi huazimisha. Peleka namba ya kiatu mapema.

Darubini iwe ya kukuza mara 8, si 10 wala 12. Chombo kikiyumba, ya 12 itakuonyesha ukungu unaocheza. Na kila mtu awe na yake, hata mume na mke. Mnyama akitokea kwa sekunde nne hakuna muda wa kupokezana.

Namna ya kutazama

Nyangumi wa nundu wanaopita Watamu na Kizimkazi kati ya Julai na Oktoba wametoka bahari za Kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto, na huku kwetu karibu hawali chochote. Alaska ni kinyume chake. Hawa wamekaa majira ya baridi Hawaii, wengi wao, wamefunga miezi kadhaa, na wamekuja kula. Kwa hiyo usisimame ukingoja waruke. Tafuta chakula, nao utawakuta.

Chakula hicho ni heringi na samaki wengine wadogo, wanaokwenda makundi kama dagaa, pamoja na uduvi mdogo mdogo. Alama ya kwanza ni ndege: shakwe waliokuwa wametawanyika hujikusanya juu ya sehemu moja na kuanza makelele. Alama ya pili ni pumzi, mnara wa mvuke wa mita tatu nne, unaoonekana kwa mbali sana ukiwa na mlima mweusi nyuma yake. Basi simama upande wa sitaha unaotazamana na kivuli cha mlima, usitazame upande wa jua. Nyangumi akishapumua mara kadhaa, mgongo hukunjika juu zaidi kuliko mwanzo. Hapo mkia unakuja. Huo ndio wakati wa picha. Baada ya mkia kuzama unaweza kunywa chai, kwa sababu mara nyingi hatarudi kabla ya dakika tano au zaidi.

Ukibahatika utakuta kundi linavua pamoja. Mapovu huchipuka juu ya maji, moja baada ya jingine, yakichora duara. Chini yake nyangumi mmoja anazunguka akipuliza hewa, heringi wanajibana katikati kwa hofu, na wengine wanapanda kutoka chini. Meli nyingi ndogo zina maikrofoni ya kuzamisha majini; utasikia mlio mrefu unaopanda, kisha unakatika. Ukikatika tu, tazama katikati ya duara. Wanatokeza wote pamoja, saba, kumi, mataya yamepanuka, ngozi ya koo imevimba kwa maji na samaki, shakwe wanadokoa pembeni mwa midomo, na pumzi yao yenye harufu kali ya samaki aliyeoza inakufikia kabla hujashusha darubini. Mara ya kwanza usipige picha. Wakishaanza hurudia, na mara ya pili simu yako itakuwa tayari.

Sheria ya Marekani inakataza kumsogelea nyangumi wa nundu chini ya yadi 100, yaani karibu mita 90. Yeye akikujia, nahodha hutoa gia na kungoja. Abiria wanaomshinikiza nahodha asogee wanamharibia nyangumi mlo wa miezi sita ijayo. Usiwe mmoja wao, na ukiwasikia wenzako wakifanya hivyo, sema.

Watu wa pwani yetu wana faida moja ambayo wageni wengine hawana: wanajua maana ya maji kutoka. Alaska hii hujaa na kukupwa kuliko kwetu. Bamvua ya Mombasa au Zanzibar ni kama mita nne, wakati Juneau tofauti inaweza kupita mita sita. Omba jedwali la kujaa na kukupwa kwa maji siku ya kwanza. Maji yakiwa yametoka kabisa, dubu hushuka ufukweni kupindua mawe na kutafuta kaa na chaza, na hata wakati wa chakula cha mchana ni afadhali uwe nje na darubini ukipekua mstari kati ya mwani na msitu. Maji yakipita kwa kasi kwenye mlango mwembamba kati ya visiwa, hapo tena samaki hukusanyika, na ndege, na simba-bahari. Juu ya vilele vya miti tafuta doa jeupe: ni kichwa cha tai wa Marekani, anayefanana sana na furukombe wa maziwa yetu.

Kwenye mto wa barafu kazi ya macho ni tofauti. Meli itasimama mbali na ukuta, maana kipande kikianguka huinua wimbi na kurusha barafu. Kwa umbali wa kilomita moja sauti huchukua kama sekunde tatu kukufikia. Anayesubiri mshindo ndipo ageuke, anakuta barafu imeshaanguka. Chagua sehemu moja ya ukuta, ile ya buluu iliyokolea au inayodondosha vijiwe vidogo vya barafu, na uikazie macho bila kuhama. Na sauti yako iwe ya chini. Sili waliolala kwenye barafu na watoto wao wakishtuka hutumbukia, na mtoto mchanga hupoteza joto analolihitaji ili akue.

Ukiingia Glacier Bay, mwulize askari wa hifadhi anayepanda melini akuonyeshe kwenye ramani barafu ilipokuwa. Mwaka 1794, mabaharia wa George Vancouver walipopita, ghuba hiyo ilikuwa karibu yote imejaa barafu. Tangu hapo imerudi nyuma zaidi ya kilomita 100. Ukitoka mdomoni mwa ghuba kuelekea ndani unapita kwanza msitu mzima, kisha vichaka, kisha mwamba mtupu, na ukiwa unajua hilo, kila saa ya mwendo ina maana.

Kushuka pwani

Kwenye nchi ya dubu chakula hakishuki botini, hata peremende. Mnatembea pamoja, mnazungumza kwa sauti ya kawaida ili dubu asishtuliwe, na mkimwona hakuna anayekimbia. Kisiwa cha Admiralty kinakadiriwa kuwa na dubu wa kahawia wapatao 1,600, zaidi ya watu wake kwa mbali. Mwongozaji akisema turudi, mnarudi, hata kama picha bado.

Botini koti la kuokolea halivuliwi. Maji ni baridi kiasi kwamba mwogeleaji hodari wa Malindi atakosa pumzi katika dakika ya kwanza.

Pwani hii ina wenyewe, nao ni Watlingit. Wale wa mji wa Hoonah walikuwa na makazi ndani ya Glacier Bay hadi barafu ilipowafukuza katika karne ya 18. Tangu 2016 wana tena nyumba yao ya ukoo pale Bartlett Cove, na inafaa uingie na kusikiliza. Angoon, kijiji chao kingine, ilipigwa mizinga na Jeshi la Wanamaji la Marekani mwezi Oktoba 1882, nyumba na mitumbwi vikachomwa, na jeshi hilo liliomba radhi rasmi mwaka 2024. Ukifika vijijini omba ruhusa kabla ya kupiga picha watu na nguzo zao, na ukinunua kikapu au nakshi nunua kwa aliyeitengeneza.

Neno kwa Waislamu. Chakula halali kiagizwe mapema, si siku ya kupanda. Hata kisipopatikana, samaki wa huko ni wengi na wazuri, na mpishi wa meli ndogo unaweza kuzungumza naye uso kwa uso. Katikati ya Juni, Juneau, jua huzama baada ya saa nne usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri, na giza halikamiliki. Nyakati za Isha na Alfajiri mwulize shekhe wako kabla hujaondoka ni hesabu ipi uifuate. Kibla, kwa njia fupi ya kuizunguka dunia, ni karibu kaskazini kabisa, kama ilivyo Mombasa na Unguja. Ila dira ya sumaku huko inakosea zaidi ya nyuzi 15, kwa hiyo iweke simu isome kaskazini ya kweli, na kumbuka meli iliyotia nanga huzunguka na mkondo.

Mwisho, tiketi. Mawingu ya chini na ukungu hufunga viwanja vya pwani hii hata katikati ya Julai, na ndege ya Juneau ikikosa kutua hukupeleka mji mwingine. Fika siku moja kabla ya meli kuondoka. Wakati wa kurudi, usikate ndege ya Nairobi au Dar es Salaam inayoondoka Seattle jioni ileile unayoshuka. Lala usiku mmoja njiani, na gharama ya usiku huo iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.